Noti kuukuu: Thamani iliyofichika sandukuni na hadaa zinazoizunguka

NOTI iliyokunjwa miaka hamsini iliyopita na kutiwa ndani ya mkebe wa majani chai si jambo la ajabu katika Kaunti ya Kajiado. Hili ni eneo ambako fedha taslimu zimepita mikononi mwa watu kwa wingi tangu zamani: katika masoko ya mifugo ya Bissil na Kiserian, katika mauzo ya ardhi yaliyoigeuza Kitengela kutoka malisho hadi mji, na katika mpaka wa Namanga ambako shilingi ya Kenya na ile ya Tanzania hukutana kila kuchapo.

Wazee wengi waliweka akiba zao nyumbani, mbali na benki. Wanapoaga dunia, warithi hufungua sanduku la bati na kukuta karatasi zenye sura ya mfalme wa Uingereza, nyingine zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na mara moja moja dola za Marekani zilizoachwa na mtalii au kuletwa na jamaa aliyekuwa ng'ambo.

Swali la kwanza katika boma huwa moja: je, fedha hizi zina thamani? La pili hufuata upesi: ni nani anayezinunua? Kati ya maswali hayo mawili kuna watu wanaopata hazina wasiyoitarajia, na wengine, ambao ni wengi zaidi, wanaotapeliwa hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Thamani za aina mbili

Kila noti ina thamani mbili, na kuzichanganya ndiko chanzo cha hasara nyingi. Ya kwanza ni thamani ya kisheria, yaani kiasi kilichoandikwa juu yake, ambacho serikali iliyoitoa inaahidi kukitambua. Ya pili ni thamani ya mkusanyaji, yaani bei ambayo mtu mwenye kupenda vitu vya kale yuko tayari kuilipa. Noti yaweza kuwa imekufa kisheria ilhali inatafutwa sana na wakusanyaji. Aidha, yaweza kuwa hai kabisa kisheria na isiwe na lolote la ziada.

Marekani ni mfano wa nchi ambayo noti zake hazifi. Noti zote zilizotolewa na serikali ya nchi hiyo tangu 1861 zinatambuliwa hadi leo kwa kiasi kilichoandikwa. Dola tano ya mwaka wa 1934 bado ni dola tano. Hata hivyo, kanuni hiyo ya Washington haiwafungi wauzaji wa fedha wa Afrika Mashariki. Maduka mengi ya kubadilisha fedha nchini Kenya hukataa dola za miaka ya zamani, hasa zile zenye picha ndogo ya kichwa zilizochapishwa kabla ya 1996, au huzinunua kwa bei ya chini. Hofu yao ni fedha bandia, pamoja na ugumu wa kuziuza tena.

Kenya, kwa upande wake, imewahi kuonyesha kwamba noti yaweza kufa katika muda wa miezi minne. Mnamo Juni 1, 2019, katika sherehe za Madaraka zilizofanyika Narok, Benki Kuu ilitangaza noti mpya na kueleza kuwa zile kuukuu za Sh1,000 zingekoma kutumika baada ya Septemba 30 mwaka huo. Lengo lilikuwa kuwabana waliorundika fedha haramu na kupambana na fedha bandia. Muda ulipokwisha, noti zipatazo milioni 7.4 hazikuwa zimerudishwa. Hizo ni Sh7.4 bilioni zilizogeuka karatasi tupu.

Anayezikuta noti hizo leo sandukuni huuliza iwapo wakusanyaji watamfidia. Hesabu yenyewe inatoa jibu: kitu ambacho mamilioni yake yangali yametawanyika si adimu. Noti za Sh50, Sh100, Sh200 na Sh500 za wakati huo hazikuguswa na agizo hilo, na ziliendelea kuwa fedha halali.

Safari ya noti za Afrika Mashariki

Ili kujua kilichomo sandukuni, ni sharti kujua historia ya fedha za nchi. Mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, rupia ya India ndiyo iliyokuwa fedha ya eneo hili. Kuanzia 1905 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ilitoa noti zake za rupia. Kampuni ya magadi ilipoanzishwa mwaka wa 1911 huko Ziwa Magadi, kusini mwa Kajiado, rupia ndiyo iliyokuwa ikitumika nchini. Noti za miaka hiyo ni adimu mno, kwani wananchi wengi walitumia sarafu. Karatasi zilikuwa za wafanyabiashara na maafisa.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa Desemba 1919, makao yake yakiwa London. Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya msukosuko. Rupia iliyokuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Uingereza ilipandishwa na kuwekwa kwenye shilingi mbili, hivi kwamba mtu aliyekuwa na deni la rupia aliliona likiongezeka kwa nusu nzima akilipima kwa pauni. Mwaka wa 1920 rupia ilibadilishwa na florini, na muda mfupi baadaye florini ikaondolewa na shilingi kuingia, shilingi mbili kwa florini moja. Kwa sababu florini iliishi kwa muda mfupi sana, noti zake ni miongoni mwa zile zinazosakwa zaidi na wakusanyaji.

Noti za shilingi za Bodi hiyo zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia 1936 Zanzibar pia. Zilibeba sura za Mfalme George wa Tano, Mfalme George wa Sita na hatimaye Malkia Elizabeth wa Pili, huku maandishi ya Kiarabu na Kigujarati yakiandamana na ya Kiingereza. Noti ya shilingi 20 iliandikwa pia kuwa ni pauni moja. Mwaka wa 1964, baada ya nchi hizi kujitawala, Bodi ilitoa noti zisizo na sura ya malkia; mahali pake paliwekwa jahazi likisafiri katika Ziwa Victoria. Hizo ndizo zilizokuwa noti za mwisho za pamoja.

Benki Kuu ya Kenya ilianza kazi mnamo Septemba 14, 1966 na kutoa noti za kwanza za taifa: za shilingi 5, 10, 20, 50 na 100, zote zikiwa na sura ya Mzee Kenyatta. Kuanzia 1980 sura ya Rais Daniel arap Moi ilichukua nafasi yake, na noti ya Sh1,000 ikaingia mwaka wa 1994. Mwaka wa 2003, chini ya Rais Mwai Kibaki, sura ya Kenyatta ilirejeshwa, na katika mwaka huohuo ikatolewa noti maalumu ya Sh200 ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Kisha Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 231, ikapiga marufuku picha ya mtu yeyote katika fedha za nchi. Ndiyo maana noti za 2019 zina jengo la KICC badala ya sura ya kiongozi.

Majirani nao wana hazina zao. Serikali ya Zanzibar ilitoa noti za rupia mwaka wa 1908, na leo ni miongoni mwa noti za Afrika zinazowaniwa sana minadani. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata mawasiliano na Berlin, Wajerumani walianza mwaka wa 1915 kuchapisha noti za dharura humuhumu nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Zile za mwisho, za mwaka wa 1917, zilipigwa kwa vifaa duni porini. Kwa kuwa noti za muda za rupia moja zilichapishwa kwa wingi, baadhi yake hupatikana kwa bei ambayo mkusanyaji mchanga anaweza kuimudu. Huu ni ushahidi kwamba umri pekee hauleti thamani.

Dola za kale na rangi za mihuri

Fedha za karatasi za Marekani ndizo zinazokusanywa na watu wengi zaidi duniani, na soko lake ndilo lenye bei za kutisha. Mnamo Januari 2014, noti ya dola 1,000 ya mwaka wa 1890 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3.2. Wakusanyaji huiita "tikitimaji kubwa" kwa sababu sifuri zake tatu zilizochorwa mgongoni zinafanana na matunda hayo. Habari kama hizo ndizo zinazomfanya mtu wa Kitengela mwenye dola moja kuukuu akose usingizi.

Jambo la kwanza la kutazama ni ukubwa. Noti zilizotolewa kabla ya 1929 ni pana, zenye urefu wa karibu sentimita 19. Katika mwaka huo zilipunguzwa hadi kipimo kinachotumika mpaka sasa, ambacho ni milimita 156 kwa 66. Noti pana karibu zote zina thamani inayozidi kiasi kilichoandikwa.

Jambo la pili ni rangi ya muhuri na ya nambari. Muhuri wa kijani ni wa noti za kawaida za benki kuu ya nchi hiyo. Mwekundu ni wa noti za hazina ya serikali. Wa buluu ni wa hati za fedha, ambazo mwenye nazo aliweza kudai madini ya fedha hadi Juni 1968. Wa rangi ya dhahabu katika noti za mwaka wa 1928 ni wa hati za dhahabu, ambazo Rais Franklin Roosevelt aliamuru zirudishwe mwaka wa 1933. Wananchi hawakuruhusiwa kuzimiliki tena hadi 1964. Muhuri wa hudhurungi ulitumiwa katika noti za benki za kitaifa. Ulitumiwa pia katika zile zilizopigwa neno "Hawaii" baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, ili visiwa hivyo vikitekwa noti zake zifutwe mara moja. Kwa sababu hiyohiyo, wanajeshi wa Marekani waliopelekwa Afrika Kaskazini mwaka wa 1942 walilipwa kwa noti zenye muhuri wa manjano na nambari za buluu.

Jambo la tatu ni nyota. Noti ikiharibika kiwandani, nyingine huchapishwa badala yake na kutiwa alama ya nyota kando ya nambari. Noti hizo ni chache kuliko nyingine, na katika matoleo fulani huwa na bei ya juu.

Hata hivyo, ni vyema kuwa na kiasi. Hati ya fedha ya dola moja ya mwaka wa 1957 ilichapishwa kwa wingi mno, na iliyochakaa huzidi dola moja kwa kiasi kidogo tu. Noti ya dola mbili ya 1976, ambayo wengi hudhani ni ya ajabu kwa sababu hawajaizoea, kwa kawaida ni dola mbili na basi.

Jinsi bei inavyopatikana

Vitu vitatu ndivyo vinavyoamua bei: uchache wa noti, hali yake, na idadi ya watu wanaoitaka. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyosalia havitoshi. Noti adimu iliyopasuka vipande hushuka bei vibaya, na noti safi isiyotafutwa na mtu hubaki mkononi mwa mwenyewe.

Hali ya noti hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70. Noti ambayo haijawahi kutumika, isiyo na kunjo hata moja, huanzia 60 kwenda juu. Kunjo moja la katikati linatosha kuishusha. Yapo makampuni ya Marekani ambayo hupima noti, huthibitisha uhalisi wake na kuifunga ndani ya jalada gumu lenye alama. Huduma hiyo hulipiwa, kwa hiyo haifai kwa noti ya bei ndogo.

Ili kuitambua noti, wakusanyaji hutumia orodha zilizochapishwa. Kwa noti za dunia, iliyozoeleka zaidi ni ile inayotumia nambari zilizoanzishwa na Mjerumani Albert Pick. Kwa noti za Marekani, hutumika nambari za Robert Friedberg, ambaye kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1953. Chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa noti, IBNS, kimekuwapo tangu 1961. Bei inayoaminika si ile inayotajwa na muuzaji, bali ile iliyolipwa hasa mnadani, na makampuni makubwa ya mnada huweka matokeo yao wazi katika intaneti.

Kuhifadhi

Makosa makubwa hufanywa siku ya kwanza, kwa nia njema. Mrithi huiosha noti kwa sabuni, huinyoosha kwa pasi, huibandika gundi ya karatasi ilipopasuka, au huitia katika plastiki ya kuyeyushwa kwa joto kama kitambulisho. Kila tendo kati ya hayo huiharibu moja kwa moja. Noti yenye uchafu wa asili hupendwa kuliko iliyosafishwa.

Njia iliyo salama ni kuishika kwa kingo, mikono ikiwa safi na mikavu, na kuiweka bila kuikunja ndani ya bahasha ya plastiki ngumu isiyo na kemikali za kulainisha. Plastiki laini inayonuka huacha mafuta yanayoila karatasi. Katika maeneo kama Kajiado, maadui wakuu ni mchwa, vumbi na joto la paa la mabati. Sanduku lisiwekwe chini sakafuni wala juu darini, na lisiguse ukuta wa udongo. Pini, vibanio vya chuma na mipira ya kufungia viondolewe, kwani hutia kutu na kuacha alama.

Hadaa

Palipo na hazina hapakosi matapeli. Ulaghai uliovuma zaidi nchini Kenya ni ule unaojulikana kama "wash wash". Mtu huonyeshwa karatasi nyeusi na kuambiwa kuwa ni dola halisi zilizopakwa rangi ili kufichwa, na kwamba zikioshwa kwa dawa fulani zitang'aa. Karatasi moja halali iliyoandaliwa huoshwa mbele yake, naye huombwa fedha za kununulia dawa. Hakuna dawa, wala hakuna dola.

Hadaa ya pili ni ya masanduku ya dola za 1928 au 1934 zenye viwango vikubwa. Ukweli ni huu: noti za dola 500, 1,000, 5,000 na 10,000 zilichapishwa mara ya mwisho mwaka wa 1945 na zikaacha kutolewa mwaka wa 1969. Ile ya dola 100,000 ya mwaka wa 1934 ilitumika baina ya benki kuu pekee na haikuwahi kutolewa kwa umma. Mtu binafsi hawezi kuimiliki kihalali. Noti ya dola milioni moja haijawahi kutolewa na serikali ya Marekani.

Zipo pia dalili ambazo mtu yeyote anaweza kuzikagua. Maneno ya kumtumainia Mungu yalianza kuandikwa katika noti za Marekani mwaka wa 1957. Noti ya 1928 au 1934 iliyo na maneno hayo ni ya bandia. Uzi wa usalama ulianza katika noti za toleo la 1990, na alama ya maji mwaka wa 1996. Kwa hiyo noti ya 1950 isiyo na uzi si lazima iwe ya bandia, bali ile ya 1934 iliyo na uzi ndiyo ya kutiliwa shaka.

Hadaa ya tatu humlenga mwenye noti halisi. Mnunuzi asiyejulikana hutoa ahadi ya mamilioni kupitia simu, kisha hudai ada ya usajili, ya ukaguzi au ya kibali kabla ya kulipa. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi. Kuna pia anayefika nyumbani na kumnunulia mzee noti ya florini kwa bei ya kikombe cha chai. Huyo havunji sheria yoyote, lakini hasara anayoiacha ni ileile.

Sheria nayo haina huruma kwa asiyeijua. Kuwa na fedha bandia, ziwe za Kenya au za kigeni, kwa nia ya kuzitumia ni kosa la jinai. Kufanya biashara ya kubadilisha fedha za kigeni kunahitaji leseni ya Benki Kuu. Anayevuka mpaka, Namanga ukiwa mmoja wao, akiwa na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 au zaidi hutakiwa kuzitangaza kwa forodha.

Urithi

Kenya si nchi isiyo na wakusanyaji. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966 na ambaye mama yake alikuwa Mmaasai, alikusanya vitabu, kazi za sanaa na stampu za Afrika kwa maisha yake yote. Sehemu ya mkusanyo wake imo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, ambako mwananchi yeyote anaweza kuutazama. Noti za kale zinahitaji watu wa aina hiyo, maadam kila karatasi ni ushahidi wa nani alitawala, kwa lugha gani, na mfanyakazi alilipwa nini.

Kwa familia iliyofungua sanduku leo, hatua ni chache. Noti zisioshwe. Kila moja ipigwe picha mbele na nyuma, na nambari yake, tarehe na saini ziandikwe daftarini. Mwenye kumbukumbu katika familia aulizwe zilikotoka, kwa kuwa habari hiyo ikipotea hairudi. Bei ya mnadani itafutwe kabla ya mnunuzi kutafutwa, na makadirio yatoke kwa watu wawili wasiojuana. Zile ambazo bado ni fedha halali na hazina la ziada, zipelekwe benki mapema.

Methali husema akiba haiozi. Yaliyotokea mwaka wa 2019 yalionyesha kuwa akiba ya karatasi huweza kuoza bila kuguswa na mchwa, kwa tangazo moja tu. Aliyejua alichokuwa nacho aliwahi benki. Asiyejua alibaki na karatasi ambazo hata wakusanyaji hawazihitaji.